Kisu cha kukunja: tazama kifungio kabla ya makali

Wanunuzi wengi hupima makali kwa kidole, wakaridhika. Makali hata ukiyakuta butu utayanoa nyumbani. Kifungio, yaani kile kinachouzuia ubapa uliofunguliwa usijikunje, kikiwa kibovu hakirekebishiki, na ubapa ukijikunja katikati ya kazi, vidole ndivyo vinavyoupokea. Ndiyo maana nimevipanga visu hivi kwa kifungio.

1. Pete ya kuzungusha. Mfano wake ni Opinel ya Ufaransa. Shingoni mwa mpini kuna pete ya chuma yenye mwanya. Ukishafungua kisu unaizungusha, mwanya unahama na ubapa hauna pa kurudi. Pete hii iliongezwa mwaka 1955, na tangu 2000 inafunga hata kisu kikiwa kimekunjwa. Haina springi ya kulegea, na mchanga ukiingia unausuuza tu. Namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5, inatosha kazi nyingi, na bei yake ni nafuu. Kasoro iko kwenye mpini wa mbao: ukilowa huvimba, ukaubana ubapa usitoke. Ukaushe, uupake mafuta. Kama uko pwani chukua ubapa wa chuma cha pua. Ule wa chuma cha kaboni hunoleka vizuri sana, lakini chumvi huutia kutu upesi.

2. Kifungio cha mgongoni. Buck 110 ya Marekani, iliyotoka 1964, ndiyo iliyokipa umaarufu. Jino la chuma hutumbukia kwenye pengo la ubapa, nawe huliachia kwa kubonyeza mgongo wa mpini. Kina nguvu sana. Pengo likijaa uchafu, jino halikai sawasawa, kwa hiyo lisafishe mara kwa mara.

3. Bamba la ndani. Bamba la chuma lililo ndani ya mpini husogea nyuma ya mkia wa ubapa na kuuzuia. Kisu cha aina hii hufunguka kwa mkono mmoja, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Vilivyotengenezwa vizuri ni visu vya kutegemewa. Vya bei ya kutupa siviamini kabisa: bamba ni jembamba na hugusa ukingo tu wa mkia wa ubapa. Tena wakati wa kukunja, kidole gumba kiko njiani mwa ubapa.

4. Springi tupu. Visu vidogo vya Victorinox vyenye ubapa mfupi ni vya aina hii. Ubapa hushikiliwa, haufungwi. Kwa kumenya chungwa au kukata uzi havina shida; usivitumie kuchoma wala kutoboa. Anayeishi Uingereza aanzie hapa: sheria ya huko inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kifungio, chenye makali yasiyozidi inchi 3, bila kulazimika kutoa sababu.

Kuhusu mpini, mkono uliolowa ndio kipimo. G10, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, naiweka mbele: hainywi maji, na ikikwaruzwa vizuri haitelezi hata ukipasua samaki. Nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo inafuata, ni nyepesi na rahisi. Mpingo ni mzuri kupita yote kwa macho, mgumu, mzito. Alumini laini huteleza. Pembe hupasuka ikikauka.

Dukani, fungua kisu, shika mpini pembeni ili vidole visiwe kwenye njia ya ubapa, kisha gonga mgongo wa ubapa polepole juu ya ubao. Utikise pia kushoto na kulia. Kikijikunja au kikicheza, mrudishie muuzaji.