Jipu la ini lilitibiwa vizuri, mrija ukaachwa bila mwenyewe

Nilikusudia kuipa hospitali ile sifa tupu, kwa sababu kazi niliyofanyiwa katika chumba chao cha redioloji, yaani cha vipimo na tiba kwa picha za mwili, ilikuwa ya kiwango ambacho sikukitarajia hapa Dar es Salaam. Lakini kila ninapofika kwenye habari za wodini hasira hunipanda upya, na sifa zenyewe hupungua.

Niliugua mwishoni mwa masika: homa ya kutetemeka, jasho jingi usiku, na maumivu chini ya mbavu za kulia yaliyopanda hadi begani. Nilitibiwa kwanza malaria, kisha taifodi, kama ilivyo desturi yetu, hadi kipimo cha ultrasaundi kilipoonyesha jipu kubwa ndani ya ini. Daktari alikaa akanieleza bila haraka kwamba jipu linaloletwa na kijidudu cha amiba mara nyingi hupona kwa dawa ya metronidazoli bila kuguswa na sindano, ilhali lile la bakteria, likizidi sentimita 5, kwa kawaida huhitaji mrija wa kutoa usaha pamoja na wiki kadhaa za viuavijasumu. Langu lilikuwa limevuka kipimo hicho, na dawa za mshipani hazikushusha homa.

Zamani mgonjwa wa hali yangu angepasuliwa tumbo. Mimi nilichomwa ganzi katikati ya mbavu, nikabaki macho, nikamwona daktari akiongoza sindano huku akitazama kioo cha ultrasaundi, ambapo ilionekana kama mstari mweupe unaoingia katika doa jeusi. Alipitisha waya mwembamba ndani ya sindano, akatelezesha mrija juu ya waya huo, na ncha ya mrija ikajikunja ndani ya jipu ili usichomoke. Ulitoka usaha mzito wenye harufu kali, sampuli ikapelekwa maabara, na usiku ule nililala bila kutetemeka. Shahada ya uzamili ya fani hii ya kutibu kwa sindano na mirija inayoongozwa na picha imekuwa ikifundishwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili tangu 2019, na baada ya yaliyonipata naona kila mkoa unastahili kupata angalau mtaalamu mmoja wa namna hii.

Sasa niseme la wodini. Usaha ni mzito na huziba, kwa hiyo mrija wa jipu lazima usukumiwe mililita chache za maji ya chumvi mara 2 au 3 kwa siku, na kinachotoka kipimwe na kuandikwa. Daktari aliyaandika maagizo hayo kwenye faili mbele yangu. Mwanzoni yalifuatwa, zamu zilipobadilika, yakasahauliwa. Usiku mmoja niliona mfuko hauongezeki tena na mwili umeanza kuchemka, nikamwita muuguzi.

"Samahani dada, mrija huu haujasafishwa tangu asubuhi."

Alijibu akiwa mlangoni: "Kaka, huo mrija si wa wodi, ni wa redioloji. Wasubiri wenyewe."

Nikamwomba atazame faili. Akasema faili ni la daktari na si la mgonjwa, na kwamba kama ninajua sana basi nijitibu, kisha akazima taa na kuondoka.

Ninajua wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi, wala sipendi kumbebesha mtu mmoja lawama za utawala mzima. Hata hivyo, jipu lililofungiwa ndani ya ini linaweza kupasukia tumboni, na vimelea vyake vinaweza kusambaa katika damu na kuua. Mrija uko ndani ya mwili wangu. Utakuwaje wa redioloji?

Asubuhi daktari alijaribu kusukuma maji, hayakupita. Mrija ulikuwa umeziba kabisa. Nilirudishwa mezani, nikachomwa ganzi tena, nikawekewa mwingine mnene zaidi, na daktari huyo, ambaye hakuwa na kosa lolote, ndiye pekee aliyeniomba radhi. Ankara ilipokuja, mrija wa pili ulikuwa umeandikwa kwa jina langu, na mhasibu akanijibu kwamba huduma imetolewa na hivyo lazima ilipwe.

Tiba yenyewe ninampendekezea bila kusita kila mwenye jipu la ini ambaye daktari wake ameona inamfaa. Kuhusu hospitali, nilitaka kuandika kwamba nendeni, ila ulizeni mapema ni nani atakayesafisha mrija usiku. Ninaifuta kauli hiyo: msiende, maana mgonjwa mwenye homa hapaswi kuwa msimamizi wa zamu. Daktari yule akihamia kwingine nitamfuata, hata kama ni Mbeya. Wao wanirudishie kwanza fedha za mrija wa pili. Barua yangu ya madai iko mezani kwa mganga mfawidhi, na hadi leo haijajibiwa.