Tathmini ya darasa la jioni la programu, Kirumba: somo la baki na modulo

Kwa mtu anayeanza kujifunza programu jijini Mwanza, darasa la jioni linalofundishwa kwa Kiswahili katika kituo kimoja kidogo, jirani na soko la samaki la Kirumba Mwaloni, linastahili ada yake, ingawa somo la modulo, yaani hesabu ya kutafuta baki ya kugawanya, ambalo ndilo ninalolipima hapa, lina pengo moja ambalo mwanafunzi atalikuta kazini asipoelezwa mapema.

Mwalimu huanza na jambo ambalo kila mtu wa Mwaloni analifahamu: sangara 47 wakipangwa sita sita, matenga saba yatajaa na samaki watano watabaki. Katika lugha ya programu ya Python, 47 // 6 hutoa 7, na 47 % 6 hutoa 5. Alama ya %, licha ya sura yake, haihusiani na asilimia. Namba shufwa na witiri hupitiwa haraka, na vivyo hivyo miaka mirefu, yaani yenye siku 366, ambapo 1900 haumo kwa kuwa unagawanyika kwa 100 bila kugawanyika kwa 400, ilhali 2000 umo.

Zoezi la saa ndilo lililonivutia zaidi, na sidhani kama mwandishi wa kitabu cha kigeni angelifikiria. Kompyuta huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku, nasi tunaanza alfajiri. Kwa hiyo programu hupunguza 6 kwenye saa ya kompyuta, kisha huchukua baki ya kugawanya kwa 12. Saa 13 ya kompyuta huwa 7, yaani saa saba mchana. Saa 6 hutoa sifuri, ambayo lazima ibadilishwe kuwa 12, na mwalimu, kwa busara, huwaacha wanafunzi waligundue hilo wenyewe.

Pengo linajitokeza kwenye saa 2 ya kompyuta, ambayo ni usiku wa manane. Ukitoa 6 unapata −4, na Python husema −4 % 12 ni 8, yaani saa nane usiku, jibu sahihi. Lugha za JavaScript, Java na C hutoa −4. Python hushusha jibu la mgawanyo hadi namba nzima iliyo chini, hivyo baki hufuata alama ya namba inayogawanya. Lugha hizo nyingine hukata desimali kuelekea sifuri, na baki hufuata alama ya namba inayogawanywa. Kila utaratibu una mantiki yake, lakini darasa hutumia Python pekee, na tofauti hii haitajwi kabisa. Dawa yake ni kujumlisha 6 badala ya kutoa 6, kwani katika mzunguko wa 12 njia zote mbili hufika pale pale, na hesabu haishuki chini ya sifuri.

Mwenye uzoefu hatapata mengi mapya hapa. Anayeanza ajiandikishe, kisha aombe zoezi la saa lirudiwe kwa JavaScript.