Kliniki za methadoni Tanzania: tathmini ya safari ya kushuka dozi hadi kumaliza

Njia ya kuingia kwenye methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu wa heroini (unga) ili aache kuutumia, inajulikana. Asasi ya kijamii inakukuta kijiweni, unahudhuria vikao vya maandalizi, unapimwa mkojo, unafunguliwa faili, unaanza kunywa. Muhimbili ilianza kutoa dawa hii Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu kule Unguja na vituo vya mikoani. Dawa hulipii hata shilingi. Kwa kazi ya kumtoa mtu kwenye unga na kumshikilia asirudi, huduma hii tunaipa alama ya juu bila kusita.

Tunachokipima hapa ni upande wa kutokea. Mtu amekaa miaka mitatu au minne, arosto (mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea) ameisahau, ana kazi, ana watoto anaowalea, na asubuhi moja anauliza: "Daktari, mimi naacha lini?" Jibu analopata, na namna linavyotekelezwa, ndipo kliniki moja inapotofautiana na nyingine.

Jibu zuri huanza na hili: hakuna ukomo wa miaka. Anayeishi salama kwa miligramu 90 anaweza kuendelea nazo, na asiruhusu maneno ya nyumbani ("umebadilisha unga kwa unga tu") yamsukume kushuka kabla hajawa tayari. Wapo ambao daktari makini atawaambia wasubiri: mwenye mkojo unaoonyesha bado anaonja, asiye na pa kulala, aliyefiwa juzi. Mjamzito naye asishushwe, maana arosto humfikia mtoto tumboni, na miezi ya mwisho ya ujauzito mara nyingi humtaka mama aongezewe dozi.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kituo kinachoshusha miligramu 5 kila wiki mbili kuanzia juu hadi chini kinaonekana kina utaratibu, lakini miligramu 5 hazina uzito uleule kila mahali. Ukitoka 80 kwenda 75, umepoteza kama asilimia 6 ya dozi. Ukitoka 20 kwenda 15, umepoteza robo. Ukitoka 10 kwenda 5, nusu nzima imeondoka kwa siku moja. Ndiyo maana mtu anashuka vizuri miezi minne, halafu akifika 15 anaanguka, na kila mtu anasema hakuwa na nia. Nia alikuwa nayo. Hatua ndiyo ilikuwa kubwa.

Mpango tunaouona wa busara kwa aliyeko miligramu 80 ni huu: 5 kila wiki mbili hadi 40, kisha 2 kila wiki mbili hadi 20, kisha 1 kila wiki mbili hadi sifuri. Hiyo ni wiki 16, na 20, na 40, yaani takriban mwaka mmoja na nusu. Watu hushtuka wakiisikia namba hiyo. Lakini nusu ya muda wote inakwenda kwenye miligramu 20 za mwisho, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Daktari anaweza kuharakisha au kupunguza kasi akikuona. Asichotakiwa kufanya ni kukupa ratiba isiyosimama. Uliza mapema: je, naruhusiwa kukaa kwenye dozi moja mwezi mzima nikizidiwa? Naruhusiwa kurudi hatua moja juu? Kliniki inayojibu ndiyo kwa maswali yote mawili ni ya kuaminiwa.

Usiihukumu hatua siku ya kwanza. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Kwa wengi nusu yake hutoka baada ya saa 24 hadi 36. Upungufu unaanza kusikika siku ya pili au ya tatu, na mwili unatulia baada ya kama wiki. Miayo isiyoisha, makamasi bila mafua, jasho la ghafla, miguu isiyotulia usiku: hizo ndizo dalili za kumtajia mnasihi, pamoja na siku zilipoanza. Kuharisha kuna loperamide, maumivu ya viungo kuna paracetamol. Pombe na diazepam za kununua mtaani zisitumike kuziba pengo. Zikikutana na methadoni hupunguza pumzi, na waliomaliza salama huku wamehamia kwenye chupa hawajamaliza lolote.

Dirishani pia pana jambo la kuangalia. Unaitwa, mfamasia anamimina kikombe kidogo cha plastiki, unakunywa mbele yake, unafuatisha maji, unasema neno moja ili aone mdomo ni mtupu. Kwa dozi kubwa hiyo inatosha. Ila kama dawa ya kituo ina miligramu 5 katika mililita 1, basi hatua ya miligramu 1 ni mililita 0.2, yaani matone machache. Kipimo cha mililita 10 hakiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Inatakiwa sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano, na dawa ichanganywe na maji baada ya kupimwa, si kabla. Pasipo kifaa hicho, leo unapewa 7, kesho 9, keshokutwa 6, na mwili unayumba bila mtu kujua sababu. Muulize mfamasia kwa heshima anapimia nini. Ni haki yako.

Kuhusu kifua kikuu, tungependa kila kliniki ibandike tangazo ukutani. Rifampicin, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, huchochea ini kuisaga methadoni haraka, hivyo ndani ya wiki moja au mbili mtu anapata arosto akiwa kwenye dozi yake ya kawaida, na daktari humpandishia. Wakati huo si wa kuanza kushuka. Hatari ya pili wengi huisahau: tiba ya TB ikiisha, ini hurudi taratibu kwenye kasi yake ya zamani, na ile dozi iliyopandishwa inakuwa kubwa mno. Irudishwe chini kwa uangalizi katika wiki za mwanzo, kabla hata ya kufikiria kumaliza. Carbamazepine na phenytoin za kifafa nazo huisaga methadoni vivyo hivyo. Fluconazole, ile ya fangasi, huifanya ibaki mwilini zaidi.

Udhaifu mkubwa wa huduma, kwa maoni yetu, uko baada ya kikombe cha mwisho. Kwa miaka mtu amekuja kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, amelipa nauli, amesalimiana na watu walewale. Ghafla hana pa kwenda asubuhi, na faili limefungwa. Wakati huohuo dalili hushika kasi siku chache baadaye, na usingizi unaweza kusumbua wiki nyingi. Kituo kizuri humpangia miadi ya unasihi kila wiki kwa miezi mitatu angalau. Nyumba za soba, yaani makazi ya wanaoacha dawa za kulevya, nyingi hutaka mtu asiye na dawa yoyote, kwa hiyo hapa ndipo zinapomfaa.

Na familia iambiwe wazi: mwili umesahau. Kiasi cha unga alichokimudu zamani sasa kinaweza kumuua mara moja, na wiki nne za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Dalili za kuzidiwa na unga ni mkoromo mzito, midomo kuwa ya bluu, mboni ndogo kama ncha ya pini, haamki ukimtikisa. Kumwagia maji, kumnywesha maziwa au kumdunga maji ya chumvi hakumsaidii. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu. Na akimbizwe hospitali kwenye naloxone, dawa inayoondoa athari za unga. Ikianza kazi asiachwe aondoke mapema, kwa sababu huisha nguvu kabla ya dawa iliyomlevya.

Mwisho, kabla ya kuanza kushuka uliza utaratibu wa kurudi, na uandikwe kwenye faili. Anayerudi baada ya kuteleza apokelewe siku hiyohiyo, bila foleni mpya ya maandalizi. Asipewe dozi yake ya zamani: aanze chini, miligramu 20 hadi 30, na apande taratibu kama mgeni.