Canon 55-250mm STM: lenzi ya kupanda nayo Amani, ukijua inapogoma

Zile picha za milima iliyogeuka nyekundu na njano zinazozagaa mtandaoni kila Oktoba hazipigwi huku kwetu. Vuli yetu ni mvua, na Usambara haipukutishi majani. Kwa mpiga picha wa Tanga msimu wenyewe ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, ukungu unapolala juu ya mashamba ya chai ya Bulwa na Kwamkoro mpaka jua lishike nguvu. Anayeutaka wekundu autafute kwenye mdalasini unaochipua: majani yake machanga hutoka mekundu kabisa kabla ya kugeuka kijani.

Swali linaloulizwa sana ni lenzi gani ya kuvuta mbali inafaa kwa mtu mwenye Canon ndogo, tuseme 700D, 2000D au 80D, anayetoka Tanga mjini, anapita Muheza, anaingia hifadhi ya Amani huko Usambara kwa lango la Zigi na kurudi kesho yake. Jibu letu ni EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM ya mwaka 2013 (IS ni kizuia mtikisiko, STM ni aina ya mota ya kufokasi). Si lenzi nzuri kuliko zote. Ni ile ambayo utakuwa bado umeishika mkononi baada ya saa tatu za kupanda.

Uzito wake ni gramu 375. Sigma au Tamron ya 150-600 inakaribia kilo 2, na njia za Amani ni za miteremko yenye tope na mizizi. Lenzi ya kilo 2 huishia begani, na mbega akitokea inakuwa bado begani. Kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo, 250mm inakupa mvuto sawa na 400mm ya kamera za sensa kubwa. Shingo yake, pale inapofungwa kwenye kamera, ni ya plastiki, haina kinga ya mvua wala vumbi, na kikinga-jua chake, ET-63, huuzwa peke yake. Kinunue. Msituni kazi yake kubwa ni kuzuia matone yanayodondoka kutoka matawini yasiguse kioo, jua ni la ziada tu.

Kabla ya kulipa, soma maandishi kwenye mdomo wa lenzi. Kuna 55-250 tatu: IS, IS II na IS STM, na wauzaji wengi wa mtumba huzichanganya, wengine kwa kutojua. Mbili za kwanza zina mota yenye kelele, mdomo wake huzunguka wakati wa kufokasi (kwa hiyo filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, inakuhama kila mara), na haziwezi kukaribia kitu zaidi ya mita 1.1. STM haina kelele, mdomo hauzunguki, na inakaribia mpaka sentimita 85. Ya kuikwepa kabisa ni 75-300mm III, ile inayofungwa kwenye vifurushi vya kamera za kuanzia. Namba yake ni kubwa zaidi, ndiyo inayowavuta watu, lakini haina kizuia mtikisiko na haifokasi chini ya mita 1.5.

Sasa giza. Lenzi hii ikivutwa mpaka mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ikipanda, tundu linakuwa dogo), na chini ya miti mirefu ya Amani hiyo ni shida ya kweli. Kwenye shamba la chai, siku ya mawingu, f/5.6 na ISO 400 (wepesi wa kamera kushika mwanga) zinakupa shata ya 1/500 ya sekunde au zaidi bila kuhangaika. Ingia hatua hamsini ndani ya msitu mnene, na f/5.6 hiyohiyo kwa ISO 3200 inakupa 1/125 tu. Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, kwa hiyo 1/125 inatosha kwa kuvu kwenye gogo, ua au ndege aliyetulia. Hakimtulizi mnyama. Kima anayeruka tawi anataka angalau 1/500, maana yake ISO 12800, na hapo 2000D imeshavuka kikomo chake cha kawaida cha 6400 na picha imejaa chenga. Piga RAW (faili ghafi la kamera), usiogope chenga za 3200 au 6400, na kubali kwamba mnyama anayekimbia chini ya kivuli si wa lenzi hii.

Njia bora ni kumngoja pembezoni. Mbega weupe hupanda juu ya miti asubuhi kuota jua, na barabara za mashamba ya chai hukatiza kando ya msitu kiasi kwamba unasimama kwenye mwanga ukimtazama aliye kwenye mwanga. Hapa kamera ndiyo inayodanganyika. Manyoya meusi yakijaza fremu, kamera huona giza na kuongeza mwanga, halafu ule ushungi mweupe mabegani unageuka karatasi tupu isiyo na unywele hata mmoja. Shusha mwanga kwa -2/3 au -1 kwenye kipimo cha kamera cha kurekebisha mwanga. Mbega huyohuyo akiwa juu kabisa na mbingu nyeupe nyuma yake, mambo yanageuka: pandisha +1, la sivyo unarudi na kivuli chenye mkia. Ukungu nao unataka +2/3 mpaka +1, kwa sababu kamera huugeuza weupe wake kuwa kijivu cha majivu. Ukungu pia huisumbua fokasi, lenzi ikaenda mbele na nyuma bila kushika. Elekeza nukta ya katikati kwenye ukingo mweusi, shina au mstari wa michai, usiielekeze kwenye weupe mtupu.

Kwa ndege, hesabu ndiyo inayosema. Ukiwa mita 20 kutoka kwenye tawi, 250mm inaona upana wa karibu mita 1.8. Hondohondo mwenye urefu wa sentimita 75 hivi anajaza zaidi ya theluthi moja ya fremu, picha nzuri kabisa. Naye hakuvizii: mlio wa mbawa zake husikika kabla hajaonekana, unapata muda wa kuweka AI Servo (fokasi inayomfuata anayesogea) na shata ya 1/1600 na kuelekeza kamera kwenye uwazi wa mbingu. Lakini chozi wa Amani, kandege ka sentimita 8 kanakopenda kukaa juu kabisa, kwa umbali huohuo kanachukua pikseli kama 270 kati ya 6000 za upana wa picha ya 2000D au 80D. Hiyo unaonyesha kwenye simu, huchapishi. Anayepanda Amani kwa ajili ya ndege wadogo peke yao aikubali tu adhabu ya kilo 2 na anunue 600mm.

Mahali lenzi hii inapowashangaza hata wenye lenzi za bei mbaya ni kwa vinyonga. Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingine, na yupo pia yule wa pembe tatu, Trioceros deremensis, ambaye dume ndiye mwenye pembe. Mchana kumwona ni kazi. Usiku analala kwenye ncha ya kijitawi, rangi imefifia, na tochi ikimmulika anang'aa kama jani lililokauka. Nenda na mwongozaji wa hifadhi baada ya saa 2 usiku.

Ukivuta mpaka 250mm na kusogea hadi sentimita 85 (hupimwa kutoka kwenye sensa, si kutoka mdomo wa lenzi), kitu cha karibu sentimita 8 kinajaza upana wote wa picha. Kwa kinyonga mkubwa hicho ni kichwa na mabega. Kwa mdogo ni kiwiliwili kizima. Tatizo linalowakuta wengi hapa ni kina cha fokasi. Kwa f/5.6 katika umbali huo kinachoonekana vizuri ni unene wa milimita 3 tu: jicho liko safi, pembe ziko kwenye ukungu. Funga tundu mpaka f/11 unapata kama milimita 6. Bado ni kidogo, kwa hiyo simama ubavuni mwake ili jicho, pembe na ukosi vikae kwenye mstari mmoja sambamba na kamera. Usimpige uso kwa uso.

Tochi isikae juu ya kamera. Mwenzako aishike kwa pembeni, juu kidogo, na kipande cha karatasi nyeupe mbele yake, la sivyo magamba yanapata vidoa vyeupe vya mng'ao. Anzia f/8, 1/125, ISO 1600, kisha rekebisha. Kuza picha mara 10 kwenye skrini ya nyuma na ufokasi kwa mkono kwenye jicho. Jihadhari na jambo moja: pete ya fokasi ya STM inaendeshwa na umeme. Kamera ikiwa imelala, unaizungusha pete mpaka kesho na hakuna kinachosogea. Bonyeza kitufe cha picha nusu, iamke, ndipo uzungushe. Dakika mbili tatu za mwanga zinatosha. Baada ya hapo kinyonga anaamka na kuanza kushuka. Na ukiletewa kinyonga juu ya kijiti ili umpige na kutoa chochote, kataa, maana ameng'olewa alipokuwa, na picha yenyewe huonekana ni ya kupangwa.

Mandhari inaiweza, kwa masharti. Matabaka ya milima yanayofifia kwenye ukungu hutoka vizuri kati ya 100mm na 200mm, tundu f/8. Filta ya polaraiza ya 58mm inaondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa na kijani kinakolea, ila inakula mwanga unaokaribia kukata shata yako mara tatu. Itumie shambani, ivue msituni. Kamera ikiwa juu ya tripodi, zima swichi ya IS.

Adui mkubwa wa lenzi hii, hata hivyo, anaishi mjini. Hewa ya Tanga ina joto na unyevu, na hii ni lenzi inayorefuka unapoivuta, kwa hiyo inavuta hewa ndani kama mvukuto. Kuvu hupenda hali hiyo. Begi la kamera ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kuihifadhi, sponji zake hukaa na unyevu wiki nzima. Tumia kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka gramu 100 hivi za silika jeli ya rangi, na kipimo kidogo cha unyevu kisomeke kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya bluu ikigeuka pinki, ikaushe kwenye oveni ya moto mdogo na irudie kazi. Mchele hausaidii, unaacha unga kwenye pete.

Kontena hilohilo panda nalo Amani. Lenzi iliyolala kwenye baridi ya mlimani ukiifungua Tanga mchana, maji hutanda kwenye kioo, mengine kwa ndani. Ifunge ndani ya kontena kabla ya kushuka, na usiifungue mpaka imepata joto la chumba, saa moja au mbili.

Mwenye kamera mpya ya R50 au R10 atashawishiwa na RF-S 55-210mm. Ni nyepesi zaidi, gramu 270, lakini mwisho wake ni f/7.1, na kwenye giza tulilolieleza hapo juu tofauti hiyo ni ISO 3200 kuwa 5000. Tungebaki na hii kwa adapta ya EF-EOS R, inayoifungia kwenye kamera hizo.

Unaponunua ya mtumba, vua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi chembe mbili tatu si kitu. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, hasa pembezoni mwa kioo, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe hata akishusha bei nusu, kwa sababu gharama ya fundi kuifungua inaweza kufika bei ya lenzi nyingine, na kuvu ikishakula mpako wa kioo hakuna kitambaa kinachourudisha.