Waliniuzia digasa, wakaniachia mapovu

Kijana wa walioniuzia digasa aliingia maabara bila hodi. Hakumsalimia Mzee wetu aliyekuwa amekaa palepale karibu na mlango. Akatupa begi lake juu ya meza ya sampuli, akaitazama taa ya njano ya digasa, kifaa chetu cha kutoa hewa kwenye viyeyushi, kwa muda ambao hata kumi usingefika kuhesabu, kisha akanigeukia: "Mama, hii mashine haina shida. Shida ni nyie mnaoitumia. Viyeyushi mnatakiwa mviweke kwenye soniketa kwanza."

Maneno hayo, ya kunirudisha kwenye soniketa, lile beseni la kutikisa vimiminika kwa mawimbi ya sauti, nimelala nayo wiki nzima. Leo nayatoa.

Sisi ni maabara ndogo hapa Dar es Salaam. Tunawapimia wajasiriamali vinywaji vyao: juisi, vinywaji vya tangawizi vyenye gesi, na siku hizi hivi vya kuongeza nguvu. Kazi yetu kubwa ni ya HPLC, mashine inayosukuma sampuli kwa viyeyushi, kwetu maji na methanoli, ikatenganisha vilivyomo na kuvipima kimoja kimoja, hasa kafeini na benzoeti, ile dawa ya kuzuia kinywaji kisiharibike. Mashine yetu ni ya zamani, ya aina ile inayochanganya viyeyushi kabla havijaingia kwenye pampu, na aliyewahi kukaa na mashine hiyo anajua ninachosema. Maji yana hewa yake ndani, methanoli nayo ina ya kwake, tena nyingi zaidi. Kila kimoja kikiwa peke yake kimetulia. Ukivikutanisha, mchanganyiko hauwezi kuibeba hewa yote ile, na inayozidi inatoka vipovu hapohapo kwenye valvu ya kuchanganyia. Kipovu kikinasa kwenye valvu ya pampu, presha inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Kikifika kwenye detekta, jicho la mashine linalosoma kinachopita, mstari wa mchoro unaota miiba.

Miaka yote tulikuwa tunahangaika kwa mikono. Asubuhi unachuja kiyeyushi kwa vakyumu, yaani kwa kufyonza hewa, unakiweka kwenye soniketa, unakimbiza kazi kabla hewa haijarudi. Saa sita mchana, na joto letu hili, unaanza upya. Kwa hiyo tulipopata hela kidogo tukanunua digasa ya kukaa mezani, ya njia nne, kupitia wakala mmoja wa vifaa vya maabara. Jina lake silitaji. Tulitumia njia mbili tu, ya maji na ya methanoli.

Na nitasema kweli, kwa wiki za mwanzo niliipenda mashine ile kupita kiasi. Unawasha, pampu yake ndogo inanguruma kidogo, taa inageuka kijani, inanyamaza. Mstari wa kromatogramu, ule mchoro wa majibu, ukanyooka kama uzi wa mwashi. Nilimwita Mzee aje auone, akavaa miwani, akautazama kimya muda mrefu, akasema, "Hapa sasa tunafanya kemia." Mzee alifundisha sekondari miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na ndiye aliyewaeleza vijana inavyofanya kazi. Ndani kuna mirija myembamba ya plastiki maalumu inayopitisha gesi lakini haipitishi kimiminika, na mirija hiyo imekaa ndani ya chumba ambacho pampu inakifyonza hewa. Ni kanuni ileile ya William Henry wa Manchester, ya mwaka 1803: gesi inayoyeyuka kwenye kimiminika inafuata presha ya gesi hiyo iliyo juu yake. Ukiiondoa presha, gesi inatoka yenyewe. Hakuna cha kuchemsha wala kutikisa.

Baada ya kama miezi minne hivi, ile pampu ndogo ikaacha kunyamaza. Ikawa inanguruma asubuhi hadi jioni. Taa ikawa kijani, mara njano, mwishowe njano moja kwa moja. Nikainama kuutazama mrija unaotoka kwenye digasa kwenda kwenye pampu ya HPLC, nikakiona: kipovu kimoja, kama punje ya mtama, kinasogea taratibu ndani ya mrija, kinasimama kwenye kona, kinasogea tena. Nyuma yake kingine. Nilisimama pale nimeshika kiuno huku moyo unaniuma.

Sasa msikilize kilichotokea siku hiyo, kwa sababu ndicho kinachonifanya niandike kwa hasira hii. Kwenye kundi la sampuli kulikuwa na kinywaji cha tangawizi cha mama mmoja wa Kibaha. Anatengeneza nyumbani na wanawake wenzake, na alikuwa anahitaji majibu ya benzoeti apeleke anakotakiwa kupeleka. Sampuli yake tuliiandaa vizuri kabisa. Tuliimimina kutoka bika moja kwenda nyingine mpaka povu likaisha, tukaiweka kwenye soniketa robo saa, maana ukipima kwa pipeti kinywaji ambacho bado kina gesi, vipovu vinachukua nafasi na unachopata si mililita tano. Hilo tunalijua, tunalifanya kila siku. Majibu yakatoka: benzoeti iko juu. Si juu kidogo, juu ya kumkwamisha.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti. Nikasema ngoja kwanza nimalizie na stendadi, ile yenye kiasi tunachokijua, ya kuhakiki mwisho wa kazi. Stendadi nayo ikaja juu kwa zaidi ya asilimia 15, na kilele chake, ule mwinuko wake kwenye mchoro, kimechelewa karibu dakika nzima! Hapo nikaelewa. Pampu ilikuwa inameza hewa, kwa hiyo kiyeyushi kinapita polepole, na detekta ya mwanga inavyofanya kazi, kitu kikipita polepole mbele yake kinakaa muda mrefu zaidi na eneo la kilele linakuwa kubwa. Mama yule hakuwa amezidisha chochote. Ni vipovu. Nusura nimharibie mtu kazi yake kwa sababu ya vipovu vya mtama.

Nilifuta kazi ya siku nzima. Nikampigia wakala.

Simu ya kwanza: "Dada yangu, tutakupigia." Hawakupiga. Simu ya pili wakasema ni umeme wenu, kukatikakatika kumeua pampu. Ya tatu sikumbuki hata walisema nini, nilikuwa napiga kelele. Ikapita wiki, ikapita nyingine, ndipo akaja huyo kijana na begi lake.

Nirudi kwenye hilo la soniketa, kwa sababu aliliongea kana kwamba anamfundisha mtoto, mbele ya wasichana wawili wa mafunzo kwa vitendo ambao mimi ndiye nawafundisha. Nilimwambia taratibu: soniketa ni nzuri kwa soda. Gesi ya soda ni kabonidayoksaidi iliyoshindiliwa mle kwa presha, ni nyingi kupita kiasi na inatafuta njia ya kutoka. Ndiyo maana soda ya moto ukiifungua inakumwagikia. Ukiitikisa kidogo tu inaondoka. Hewa ya kwenye kiyeyushi si hivyo. Maji yaliyokaa wazi kwenye nyuzi 25 yana oksijeni karibu miligramu 8 tu kwa lita, na yametulia nayo, yameshasawazika na hewa ya chumba. Soniketa peke yake inaitoa kwa sehemu ndogo, na ukishaitoa chupa na kuiacha wazi, hewa inarudi ilikotoka. Njia ya kupitisha heliamu ndani ya chupa ndiyo inayofagia hewa karibu yote, lakini silinda ya heliamu sisi tutaitoa wapi kila mwezi? Ndiyo sababu tulinunua digasa! Kama ningetakiwa kurudi kwenye soniketa, hela yetu mlichukulia nini?

Akanijibu: "Mama, mimi nimesomea hizi mashine." Akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga. Akaandika kwenye karatasi kwamba pampu ya vakyumu imekufa na ibadilishwe yote, bei yake karibu nusu ya digasa mpya, kusubiri wiki sita mpaka nane. Garantii haihusiki kwa sababu ni "matumizi yasiyo sahihi". Akaongeza na gharama ya kuja kututembelea. Mzee akamuuliza kwa upole kabisa, "Kijana wangu, umepima vakyumu yenyewe inafika ngapi?" Hakumjibu Mzee. Alichukua begi akaondoka. Alivyoingia ndivyo alivyotoka.

Mimi nilikulia kwenye nyumba ambayo hata ukimkuta mzee amelala unasema shikamoo kwa sauti ya chini. Kifaa kinaweza kuharibika, hilo nalielewa, kila kitu kinaharibika. Lakini mtu mdogo vile anaulizwa swali la maana na mtu wa miaka ile, na anapita kama amepita mbele ya kabati?

Siku tatu baadaye, mmoja wa wale wasichana alikuwa anapanga stoo. Akaja na kasha la digasa, na ndani yake kamfuko ka plastiki ambako hakajawahi kufunguliwa. "Dada, hivi ni vya nini?" Ndani kulikuwa na vizibo vidogo vyeupe vya skrubu. Vinne.

Nikasoma kitabu cha maelekezo, ukurasa ambao nakiri sikuwahi kuusoma kwa sababu ufungaji haukuwa kazi yangu, tulilipia afungaye. Imeandikwa wazi: njia ambazo hazitumiki zizibwe. Na ukifikiri unaona ni lazima iwe hivyo. Mrija unaopitisha gesi, ukiuacha mtupu na mdomo wazi, hewa ya chumba inaingia humo, inapenya ukuta wa mrija na kuingia kwenye chumba cha vakyumu. Pampu inafyonza, hewa inaingia, inafyonza, inaingia. Tulikuwa na njia mbili wazi tangu siku ya kwanza. Pampu ile ndogo ilikuwa inajaribu kuifyonza hewa ya Dar es Salaam nzima, tena na tena, miezi minne, mpaka ikachoka. Na aliyeifunga siku ya kwanza ni nani? Kijana huyohuyo.

Tukaziba njia mbili, kila moja midomo miwili, vizibo vinne, mikono inanitetemeka. Nikawasha. Njano. Njano. Mzee amesimama nyuma yangu. Baada ya dakika kadhaa ikageuka kijani, na pampu ikanyamaza. Yule binti alipiga makofi, na mimi nikamkumbatia pale pale na koti lake la maabara.

Sampuli ya mama wa Kibaha tukaipima upya, kutoka chupa ambayo haikuwa imefunguliwa, mara tatu. Benzoeti yake iko sawa kabisa. Nilimpigia mwenyewe. Alisema "Alhamdulillahi" na akanyamaza, nikasikia anavuta pumzi.

Sasa kuhusu kifaa chenyewe. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshakipa nyota moja. Hiyo si haki. Digasa ni nzuri, inafanya inachosema, na kwa maabara inayochanganya viyeyushi kabla ya pampu sioni namna ya kufanya kazi bila kitu cha aina hii. Inunueni. Zibeni njia msizotumia, na kama mnatumia chumvi za bafa, zile za kushikilia uchachu wa kiyeyushi, zisafisheni kwa maji kabla ya kulala, zisigande humo ndani. Nyota nne.

Lakini pampu haijawa ileile. Naisikia. Zamani ilinguruma kidogo tu ikanyamaza. Sasa inaamka kila baada ya dakika chache, ina sauti ya kukwaruza ambayo haikuwa nayo. Imechakaa miezi minne ya bure. Siku itakapokufa, itakuwa ni kwa sababu ya vizibo vinne ambavyo mtu alikuwa navyo mkononi akavirudisha kwenye kasha. Halafu mtu huyo akaja kuniambia shida ni mimi. Kwa hiyo hizo nne nazirudisha, maana hapa nchini mashine hii huinunui peke yake, unamnunua na huyo kijana. Nyota mbili. Hata hizo mbili ni za mashine.

Niliwapigia ofisini nikawaeleza yote, vizibo, kitabu, ukurasa. Dada wa simu alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru, akasema atamwambia meneja. Jana ikaja barua pepe. Nikadhani ni msamaha. Ni ankara ya kututembelea, na chini imeandikwa tulipe ndani ya siku 14.

Hatulipi. Nimewajibu kwamba waje wabadilishe pampu kwa garantii, na waje na fundi mwingine. Au aje yeye yule, lakini akifika mlangoni aanze na Mzee.