Oringi za valvu ya nyuma kwa Mercedes 300TD ya mzee wangu: uzoefu wangu

Hii gari ni ya mzee wangu, W123 stesheni wagoni ya 1983, ndiyo alikuwa anatubeba nayo Krismasi kutoka Kisumu kwenda Kakamega, na tangu nianze kuirudisha kwa hali yake kitu kimenisumbua kuliko kutu ni nyuma kushuka. Jioni naiacha imesimama sawa, asubuhi naikuta imekaa chini kama imepakiwa simiti, na chini ya gari hakuna hata tone la oili.

Mafundi watatu hapa Kondele wakaniambia kitu kimoja, toa hiyo haidroliki yote, yaani mfumo wa oili ya presha unaoinua nyuma ya gari, weka shoki za kawaida. Nikakataa. Springi za nyuma za hizi wagoni ni laini makusudi kwa sababu oili ndiyo inasaidia kubeba, ukiweka shoki peke yake bila kubadilisha springi itazidi kuinama tu.

Nikaanza kupima oili kwa kile kijiti cha tangi la haidroliki. Usiku iko katikati, asubuhi gari imeshuka na oili imepanda! Yaani ilikuwa inapenya ndani ya valvu inayoongoza oili ya kuinua nyuma na kurudi kwenye tangi, ndiyo maana sikuwa naona tone. Valvu mpya niliulizia nikatajiwa bei ya ng'ombe wa maziwa, basi nikaagiza seti ya oringi, vile viduara vya mpira vya kuzuia oili isipenye, kutoka Ujerumani, ikafika baada ya wiki tatu na pamoja na ushuru ilinigharimu shilingi 6,800.

Valvu yenyewe ni ndogo inaenea kwenye kiganja, na kimkono chake kimeunganishwa na stebilaiza ya nyuma, ile fito ya chuma inayozuia gari kulalia upande. Kabla hujagusa paipu yoyote fungua kwanza ile skrubu ya kutoa presha, chomeka kapaipu kadogo kaingie kwenye chupa, tafadhali usiruke hapo. Ndani kuna gololi na springi ndogo sana, mimi nilizipanga juu ya gazeti vile zilivyokuwa zinatoka. Oringi moja ya zamani ilikuwa ngumu kama plastiki, niliibonyeza na ukucha tu ikakatika. Ile mpya unaivuta na inarudi, mpira mzuri kabisa.

Kile kiliniudhi ni kwamba hakuna karatasi ya maelekezo, halafu oringi moja mpya ilikuwa nene kuliko ile ya zamani niliyotoa na muuzaji nilimwandikia mara mbili akanyamaza. Ya saizi sawa nikaipata hapa hapa kwa jamaa anayeuza spea za haidroliki za matrekta ya miwa, shilingi 50. Na oili ni ile yake ya haidroliki, usiweke ya breki kabisa, itavimbisha mipira yote na utarudi kuanza upya.

Sasa inaachwa Ijumaa mpaka Jumatatu na bado iko sawa. Nimepita nayo Kiboswa mpaka Chavakali na gunia tatu za mahindi na mama nyuma, ukiwasha injini baada ya muda unaiona inajiinua pole pole, mzee aliposhuka akazunguka kupima na vidole juu ya tairi kama zamani.

Lakini kama yako inarukaruka ngumu kwenye matuta, hiyo si valvu, ni zile boli mbili za nitrojeni, matufe ya chuma yenye gesi ya kulainisha mirusho, zimeisha gesi na hii seti haitakusaidia. Yangu ya kushoto imeanza hivyo, ndiyo naitafuta sasa.