Karakana Iliyochanganya Nguzo Tano za Datsun 240Z Yangu

Kabla sijasema lolote zuri, na mazuri yapo, nianze na hili. Karakana ya mashine niliyoipelekea hedi, yaani kichwa cha injini, ya Datsun 240Z yangu, hapa hapa Mombasa, ilinirudishia nguzo za kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, zikiwa ndani ya beseni moja na nati za lori. Zote tano. Hazina alama, hazina mpangilio, na moja imeangukiwa na kitu kizito hadi ukingo umepata kovu. Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya mtu mmoja tu, nitamfikia.

Kwa asiyeifahamu injini hii, hasira yangu yaweza kuonekana ya bure, kwa hivyo nieleze. Kwenye L24, ndiyo injini ya 240Z, kamshafti haikai ndani ya bloku, yaani mwili wa injini. Inakaa juu ya hedi, imebebwa na nguzo tano zilizofungwa kwa bolti. Kiwandani nguzo zilifungwa kwanza juu ya hedi, kisha matundu ya kupitisha shafti yakachongwa kwa mstari mmoja, yote matano kwa pamoja. Kwa hivyo kila nguzo ni ya hedi ile na ya mahali pale pale. Ukiibadilisha na jirani yake, tundu linapotoka kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini shafti inakihisi, nayo inakwama. Ukiilazimisha kuzunguka inajila yenyewe na kuzila nguzo. Hili si siri ya Wajapani. Kila fundi aliyewahi kufungua injini ya jamii ya L analijua, na mwenye karakana inayoishi kwa kusawazisha hedi za watu hana udhuru wa kutolijua.

Na nilimwambia. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia, bwana, hizi nguzo ukiweza usizifungue, na kama mashine yenu inadai ziondoke, basi zitoeni moja moja na kila moja muitie alama. Aliitikia kwa kichwa huku akiongea na simu.

Gari lenyewe nililitoa Kilifi, kwenye banda lililokuwa karibu mno na maji. Mwenye nalo alikuwa amelifunika turubai akaamini limehifadhika. Turubai kwenye upepo wa bahari ni adui, linashika unyevu wa chumvi na kuulaza juu ya bati usiku na mchana. Nilipolifunua nilikuta sakafu ya upande wa dereva imetoboka hadi unaona mchanga, mahali pa kuwekea betri pameoza, na zile boriti mbili za chini zinazobeba sakafu zimebaki maganda. Majani ya mwarobaini yalikuwa yamejaa chini ya kioo cha mbele, pale maji ya mvua yanapopaswa kushuka, yakaziba njia, na maji yakaanza kushukia ndani ya gari. Wanaonunua 240Z waangalie hapo kabla ya kuangalia rangi. Injini ya gari hili ni ngumu, haifi upesi. Bodi ndiyo inayokufa.

Kazi ya bati sitaieleza sana. Tumekata, tumechomelea, tumepiga msasa, chini ya mkungu nyumbani Tudor, na majirani wameizoea sauti ya grainda kuanzia alasiri hadi maghribi. Mwanangu mkubwa ameshika taa hadi amejua jina la kila spana.

Kwa nini gari hili na si jingine? Mtu wa umri wangu hapa pwani haulizwi swali hilo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, yeye na Lofty Drews. Mehta akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun nyingine. Watu wazima walikaa kando ya barabara za vumbi wakati wa Pasaka wakisubiri magari haya yapite, na watoto tuliyachora ukutani kwa makaa. Kuliona moja linaoza Kilifi, na mwenyewe anafikiria kuliuza kwa kilo, kulinikata maini.

Turudi kwenye hedi. Nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Gari hili lilichemka zamani na likaachwa lipoe peke yake, na hedi ya alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma, ikipata joto kupita kiasi, hujipinda. Alumini hutanuka kuliko chuma lakini bolti zimeishika, basi itaenda wapi? Mzee mmoja wa Mwembe Tayari, aliyezifungua Datsun 1600 enzi zile, alikuja akanionyesha kabari ya mti. Ukitaka kuondoa hedi ya L bila kufungua mbele yote ya injini, lazima uchomeke kabari kati ya pande mbili za cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti, ili kile kikaza cheni kisiruke. Kikiruka, umejiongezea kazi kubwa. Alichonga kabari mwenyewe, akaifunga kamba isidumbukie, akalegeza bolti kuanzia pembeni kuja kati, polepole, kwa zamu. Bolti 14 na hakuna hata moja iliyokatika. Huyo mzee hakunitoza kitu, alikunywa kahawa akaenda zake. Nataka msomaji aushike moyo huo, maana baada yake nilikwenda kukutana na moyo mwingine kabisa.

Karakanani tuliambiwa shilingi 18,000 kwa skimu, yaani kusawazisha uso wa hedi, na kukata viti vya valvu. Sikulalamika, kazi nzuri ina bei yake. Tuliambiwa siku chache. Siku chache zikawa wiki, wiki zikazaa wiki, hedi za malori zinaingia na kutoka, yangu iko pembeni imefunikwa gunia. Nilivumilia. Mwishowe nikaitwa nikachukue, na ndipo nikaonyeshwa lile beseni.

Nilimwuliza mwenye karakana nguzo ipi ni ya kwanza. Akacheka.

"Mzee, nguzo ni nguzo. Zote si zimetoka kiwanda kimoja?"

Nikamweleza tena, kwa upole, mbele ya wateja wake, nikijitahidi nisimvunjie heshima. Akanikata kauli. "Umekuja kuchukua hedi au umekuja kunisomesha? Mimi nimeanza kazi hii wewe ukiendesha baiskeli." Hajui umri wangu wala kama nimewahi kuwa na baiskeli. Kisha akanisukumia risiti na kuniambia gari lenyewe ni skrepa, nisimletee presha kwa ajili ya skrepa. Nililipa. Nililipa kwa sababu hedi ilikuwa mikononi mwake, na nikaibeba hadi kwenye teksi mikono ikinitetemeka.

Nyumbani nilifanya kila jaribio la haki linaloweza kufanywa. Nilizisafisha nguzo, nikazifunga kwa mpangilio uliokaribia akili, nikaipaka shafti oili na kuipitisha kwa urefu wake, maana nguzo hizi ni pete kamili, shafti haiwekwi kwa juu bali inapenyezwa. Ikapita ya kwanza, ikapita ya pili, ikagota ya tatu. Nikabadilisha. Ikapita ya tatu, ikagota ya nne. Nguzo tano zaweza kupangwa kwa njia 120. Hesabu ile iliniondolea usingizi, na mke wangu akaniambia, baba nanihii, lala, hilo gari halitakwenda popote usiku huu.

Sasa niwe mwadilifu, maana nimeapa nitasema kila kitu. Skimu yenyewe haina kasoro. Niliweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa mapana, kwa pembe, na ule ukaratasi mwembamba kabisa wa kupimia nafasi haukupenya popote. Viti vya valvu vimekatwa vizuri, nilimimina petroli juu yake ikakaa haikuvuja. Na ubavuni mwa hedi mtu alikuwa ameandika kwa chaki kiasi alichokata. Hilo ni jambo kubwa. Ukipunguza unene wa hedi, kamshafti inashuka karibu na krenki, shafti kuu ya chini, cheni inalegea na taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka, inachelewa. Ndiyo maana gia ya kamshafti ya L ina matundu matatu, unahama la kwanza kwenda la pili kurudisha kile kilichopotea. Asiyeambiwa amekatiwa kiasi gani atafunga kwa kubahatisha. Aliyeandika ile chaki alijua anafanya nini, na hakuwa mwenye karakana.

Nikamjua Jumapili moja, baada ya alasiri. Kijana alipiga hodi getini, amevaa nguo safi, mkononi ana mfuko. "Shikamoo mzee. Nimekuja kwa ajili ya zile nguzo." Ndiye anayeshika mashine. Akanieleza kwamba alitaka kuzigonga alama, akaambiwa aache mchezo, hedi ya lori inasubiri na mwenye lori ana pesa mkononi. Namba yangu aliitoa kwenye risiti. Hakutumwa na mtu.

Sijaona kazi ya subira kama ile. Hakuanza kwa kujaribu. Alianza kwa kuangalia. Aliosha kitako cha kila nguzo kwa petroli na kukiinamisha juani, kisha akaangalia mahali pake juu ya hedi, kwa sababu miaka mingi ya oili na joto inaacha kivuli, na kivuli cha nguzo hii si cha ile. Aliweka kila moja, akaitoa, akaigeuza, akanionyesha mkwaruzo unaoendelea kutoka kwenye nguzo hadi kwenye hedi. Kisha akafunga kwa mkono tu, akapitisha shafti, akakaza kidogo, akazungusha, akakaza tena. Adhana ya maghribi ilitukuta shafti inazunguka kwa vidole viwili, haina mahali inaposita. Mwanangu alipiga kelele hadi jirani akachungulia. Nilimkumbatia kijana yule, sioni haya kusema.

Usiku ule nilikaa kuandika na ningeandika nyota tano. Kweli kabisa. Nilijiambia karakana yenye mtu wa namna hii mtu anaisamehe, labda yule mwenyewe alikuwa na siku mbaya, biashara ni ngumu, kodi ya jengo iko juu.

Asubuhi yake nikapata ujumbe. Mwenye karakana amesikia kuwa fundi wake alikuja kwangu, na kwa hivyo nina deni la huduma ya nyumbani. Huduma ya nyumbani! Kurekebisha uharibifu alioufanya yeye, kwa mikono ya kijana aliyejitolea siku yake ya mapumziko! Sikulipa na sitalipa. Kijana nilimpa mkononi nilichoona ni haki, alikataa hadi nikamwapia. Mwenye karakana nilimjibu kwamba aje aidai hapa nyumbani, mbele ya ile hedi, anionyeshe kwa kidole nguzo ya kwanza ni ipi. Hajaja.

Injini imewaka. Valvu tumezipima nafasi injini ikiwa baridi, milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa, kabureta mbili tumezilinganisha kwa kusikiliza pumzi kwa mpira, na sauti ya silinda sita zikipokezana ilitoka kwenye ule uwanja ikawatoa watu wazima ndani. Mzee wa Mwembe Tayari alikuja, akaegemea mkungu, akasikiliza hadi nikaizima. Breki bado, rangi bado, sakafu ya upande wa abiria bado inanisubiri.

Kwa hivyo hukumu yangu, baada ya kuifuta na kuiandika upya: kazi ya mashine nyota tano, karakana nyota moja, na jumla naiacha moja kwa sababu anayepokea kazi yako mlangoni ndiye anayeamua irudi vipi. Ukilazimika kwenda, zigonge nguzo zako alama nyumbani, moja hadi tano, na mshale unaoelekea mbele, uzipige na picha. Kijana nimemwambia siku akipata mashine yake mwenyewe, hata iwe ya mtumba, hata iwe Mariakani, hedi ya kwanza naileta mimi.